Siku ya Kwanza ni Ipi

Aliyenitia hamu ya kusoma sheria si hakimu wala wakili. Ni bibi mmoja aliyetoka mahakamani akicheka.

Wakati huo nilikuwa nauza chai na vitumbua pembeni ya mahakama ya mwanzo, pale Newala, tangu asubuhi mpaka jua liwe la utosi. Yule bibi alikuja moja kwa moja mpaka kwenye benchi langu, akanunua vitumbua viwili, akanirudishia kimoja. "Kula, mjukuu wangu," akasema, "nimeshinda." Mimi nilikuwa nimesikia kila kitu kupitia dirishani. Hakuwa ameshinda. Shauri lake lilikuwa limeondolewa kwa sababu alilifungua mahali pasipohusika, na aliambiwa hivyo kwa Kiswahili fasaha, ila kilikuwa Kiswahili kilichovaa tai. Alichosikia yeye ni kwamba neno "haki" limetajwa na hakimu hakufoka. Nikakila kile kitumbua. Sikujua nimwambie nini, nikamwambia hongera.

Tangu siku ile nikawa najiona ndani ya joho jeusi, nikikimbia kumwahi bibi wa watu kabla hajafika kwenye chai. Ndoto yangu yote ni hiyo. Niwe yule mtu anayekuvuta pembeni na kukwambia, mama, walichosema mle ndani ni hiki.

Kasoro ni shule. Matokeo yangu ya kidato cha nne hayakuwa ya kutangaza, ingawa hayakuwa ya kuficha pia. Kidato cha tano sikukiona. Lakini nikasikia kuna mtihani wa kujiunga na chuo kwa sisi tuliopitia mlango wa uani: una karatasi mbili, moja ya maarifa ya jumla na nyingine ya sheria yenyewe, zote kwa Kiingereza. Ukifaulu unaingia mwaka wa kwanza wa sheria kama wenzako, hakuna atakayekuuliza ulikuwa wapi. Wakati naandika haya mtihani wenyewe bado uko mbele yangu. Ninachokumbuka hapa ni kazi ya kupanga lini nisome, kazi ambayo nilidhani ni ya jioni moja.

Nilishuka Masasi kwenye semina ya watu wanaotaka kurudi shule. Mtoa semina alikuwa kijana mwenye sauti nzuri na haraka ya kurudi alikotoka. Alisema neno lililonikaa: ratiba lazima ibebeke. "Usipange kusoma kama profesa wakati una watoto, shamba na biashara. Panga unachoweza kubeba." Halafu akatugawia ratiba ya ukurasa mmoja. Juu iliandikwa Siku ya 1, ikafuata Siku ya 2, hivyo hivyo mpaka ya saba, na kila siku ina somo lake. Chini kabisa kulikuwa na namba yake ya simu. Akatuuliza nani anataka ualimu, mikono mingi ikapanda. Nani uuguzi, mingi tena. Nani sheria? Tukanyoosha wawili.

Wa pili alikuwa kijana aliyevaa koti zito la kuendeshea pikipiki, limefungwa mpaka shingoni, kwenye joto lile la Masasi. Akageuka.

"Dada, umetoka wapi?"

"Newala."

"Mmakonde?"

"Mmakonde."

"Aa, mtani wangu! Mimi Mmakua wa Chiungutwa. Kumbe na nyie wa juu kusiko na visima huwa mnashuka? Mmefuata maji?"

Ukumbi ukacheka. Sikumwacha. "Tumefuata hewa yetu, mtani. Huku mmeizuia na hayo mawe yenu makubwa, mnakaa katikati kama mikate kwenye tanuri."

Basi tukawa watani rasmi, tukapeana namba. Yeye anaendesha bodaboda Chiungutwa, baba yake ni katekista, na hamu yake ya sheria imetokana na kukamatwa sana na trafiki. Kwa asiyejua utani wetu, niseme hivi: mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo na wewe ukacheka. Anaweza kukwambia umekonda kama fito msibani kwenu, mkacheka wote. Chochote atakachosema hukichukui kama hasira wala kama taarifa. Ni raha sana, na ndiyo iliyotuponza.

Kwanza nilijaribu kubeba ile ratiba yote. Niliibandika ukutani juu ya kitanda, nikasoma kila siku iliyotajwa humo. Kuna sentensi za Kiingereza nilikuwa nazisoma mara tatu: mara ya kwanza nazielewa, mara ya pili naingiwa na shaka, mara ya tatu zimeshaniacha, zimekwenda zao. Nilikuwa nasinzia na kitabu, naamka na kitabu, na katikati nakoroga unga wa mchele. Asubuhi moja karani wa mahakama alitafuna kitumbua, akasimamisha taya, akakitazama.

"Binti," akasema, "leo umetuhukumu bila kutusikiliza."

Nilikuwa nimetia chumvi mahali pa sukari, bakuli zima. Nikacheka nao, ila nilipofika nyumbani nikalia kidogo, kisha nikampigia mtani.

"Mtani, ratiba haibebeki."

"Hata mimi imenishinda. Juzi nimemshusha mzee kwa mkwe wake badala ya kwake. Kanilaani kwa Kimakua na Kiswahili."

"Tupunguze."

"Tupunguze, mtani. Siku moja tusome, moja tupumzike. Tuchukue ya kwanza, ya tatu na ya tano. Hizo nyingine tuwaachie wenye akili."

"Ya kwanza mikataba, ya tatu jinai, ya tano maarifa ya jumla?"

"Hapo hapo. Na kila siku ya kusoma, jioni tupigiane tuulizane maswali. Ambaye hajasoma anatukanwa."

"Kwani saa hizi hatutukanani?"

"Hizi salamu tu."

Nilikwenda kwa mama nikiwa na furaha ya mtu aliyevumbua kitu. Mama alikuwa anafagia chini ya mikorosho, maana korosho zilikuwa zimeanza kudondoka. Msimu wa korosho kwetu hauna mgeni: kila mwenye mikono anaokota, anatenganisha korosho na bibo, lile tunda lake, anaanika, anakesha na macho angani zisije zikanyeshewa. Baba hayupo tena, kaka zangu wako mbali, kwa hiyo mikono ni ya mama na yangu. Na alikuwepo shangazi yangu wa Mtwara, mwenye duka la vitenge, ambaye kila akipiga simu ananiulizia. Anataka nikakae naye dukani. Shangazi ni mtu mzuri, lakini duka lake linafunguliwa alfajiri na kufungwa watu wanapolala. Ukienda pale umekwenda na kitabu cha kuegemeza mlango.

"Mama, nimepata ratiba inayobebeka," nikasema. "Nasoma siku ya kwanza, ya tatu na ya tano. Nikitoka kwenye chai nasoma mpaka jioni. Siku nyingine zote, nikitoka kwenye chai, mimi ni wako."

Mama akaegemea fagio. "Yaani Jumamosi, Jumatatu na Jumatano."

"Ndiyo."

"Hizo sikugusi. Hata mvua ikinyesha nitaanua mwenyewe. Lakini siku zangu ziwe zangu. Nisikukute na kitabu chini ya mkorosho."

"Hutanikuta."

"Maana nikiona mambo yanakwenda ovyo, si shamba si shule, nampigia wifi yangu aje akuchukue. Si kwa ubaya, mwanangu. Mtu ajulikane yuko wapi."

Nikaona ni haki kabisa. Jumamosi ile nilisoma mikataba mpaka macho yakaniwasha, na jioni nikampigia mtani.

"Niulize mikataba."

"Mikataba? Nyie Wamakonde mnaanza wiki kabla haijaanza?"

"Na nyie Wamakua mnaingoja mpaka iwapite."

Akacheka mpaka nikasikia pikipiki inayumba. "Kesho, mtani. Kesho nakuuliza, utajuta." Na kesho yake, Jumapili, akapiga kweli, na maswali ya mikataba kayapanga. Mimi niko shambani na mama, mikono imejaa utomvu wa bibo, simu nimeibana kwa bega. Nikamjibu mawili matatu, nikamwambia mvivu mkubwa, unasoma kwa kuchelewa. Akasema mimi ndiye mvivu, siku yenyewe naokota korosho. Tukacheka. Mama hakucheka.

Jumatatu nikampigia habari ya jinai.

"Sijaifungua hata ukurasa," akasema. "Una haraka gani ya kwenda jela?"

Jumanne yeye akapiga habari ya jinai. Jumatano nikapiga mimi, akasema leo amepumzika kama tulivyopatana. Alhamisi akapiga yeye, akanikuta naanika korosho, akasema, "Mtani, hivi unasoma kweli au unataka nikufanyie mtihani wako?"

Ikawa hivyo wiki nenda wiki rudi. Kila nilipomfuata hayupo, na akinifuata mimi sipo. Mngeweza kuuliza, mbona hamkuambizana? Tuliambizana kila siku! Aliniambia nakimbia mbele ya wiki, nikamwambia anakokota nyuma yake, na kila mmoja alichukua maneno ya mwenzake kama utani. Mtani akikwambia nyumba yako inaungua, unamjibu ya kwake ilishaungua zamani.

Ila ndani yangu kicheko kilianza kukauka. Mimi ni mtu wa kujitilia shaka upesi. Nikawa najiuliza, labda yeye ndiye sahihi, mwenzangu kasomea shule za misheni, kwao kuna vitabu. Labda mimi ndiye sijui hata kuhesabu. Nikaitoa ile karatasi ukutani, nikaitazama mbele na nyuma. Siku ya 1, Siku ya 2. Ilikuwa inasomeka vizuri tu. Niliogopa sana kumpoteza, maana peke yangu Kiingereza kile kingenimeza. Basi nikaanza kumfuata kwenye siku zake bila kusema. Jumanne nikawa nasoma pia, na Alhamisi, kwa kuibia. Yaani ratiba niliyoipunguza ili ibebeke ikarudi kuwa nzito kuliko ya mwanzo, na sikujua imerudije.

Mama naye alikuwa na lake. "Huyo mtani wa kila jioni," akaniuliza siku moja akipepeta, "ndiyo sheria yenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona unacheka sana? Sheria inachekesha?"

Kwa kweli haikuwa inachekesha.

Halafu ikaja Jumanne ya mvua. Mama alikwenda msibani upande wa Kitangari, akaniachia korosho zimeanikwa uani, nyingi, zile nzuri kabisa za mwanzo wa msimu. Jumanne ni siku yake. Nikakaa ndani, mtani hewani, waya za simu masikioni, ananiuliza tofauti ya wizi na unyang'anyi. Nilikuwa naanza kuielewa, naapa. Sikusikia bati. Mvua za mwanzo kwetu hazibishi hodi, zinamwaga na kuondoka. Nilipotoa waya masikioni, mama alikuwa uani, nguo zimemgandia mwilini, anakusanya korosho zilizolowa kwenye turubai, peke yake, bila kuniita.

Nikatoka mbio. "Mama, samahani, nilikuwa—"

"Leo siku gani?"

Nikashika ncha ya turubai.

"Nakuuliza ili nijue, sikuulizi kwa hasira. Leo siku gani?"

"Jumanne."

"Korosho zitakauka," akasema, "zikikataa zitashuka daraja, si mara ya kwanza. Lakini mimi niliondoka hapa nikijua nyumbani kuna mtu. Kumbe hakuna." Akakunja turubai. "Jumanne ijayo nampigia shangazi yako. Kama siku zako utakuwa umezijua, utabaki. Kama bado zinahamahama hivi, nenda Mtwara. Dukani angalau mtu anajua umeingia na umetoka."

Usingizi haukuja vizuri. Asubuhi nikampigia mtani nikamwambia, bila mzaha, tufanye jaribio. Tukae pamoja, tuandike karatasi zote mbili kama mtihani wa kweli, nijue kama nina chochote kichwani cha kumwonyesha mama. Akakubali upesi. "Njoo kwetu Chiungutwa. Siku ya kwanza ya wiki ijayo. Nitakuwa nimejiandaa mpaka unishangae."

Jumamosi nikapanda gari la asubuhi. Tulipoanza kuteremka kutoka uwandani kwetu juu joto likanipanda miguuni, likapita magotini, nikajua tunaingia kwa watani. Nimebeba kalamu mbili, rula ambayo haihitajiki kwenye sheria, na vitumbua vya kumpa mama yake. Moyoni nilikuwa nasali tu, nisije nikaonekana mjinga.

Nikamkuta amechuchumaa uani, pikipiki kaifungua kama kuku wa kuchinjwa, mikono myeusi ya oili mpaka viwikoni. Mama yake alikuwa pembeni anamenya ming'oko, vile viazi vya porini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe mtani wa simu? Karibu. Maji yapo mtungini, kunywa mpaka ushibe, usibebe mengine kwenda nayo kwenu."

Nikacheka, nikanywa, nikamgeukia mwanawe. "Haya, mtani. Nawa tuanze."

"Tuanze nini?"

"Jaribio."

"Jaribio si kesho?"

Nikaweka vitumbua chini. "Mtani, leo usinitanie. Kweli usinitanie. Umesema siku ya kwanza ya wiki."

"Ndiyo, ya kwanza. Kesho baada ya ibada."

"Leo ndiyo ya kwanza!"

"Leo? Leo Jumamosi!"

"Si ndiyo? Juma mosi! Mosi ni ngapi kwenu?"

Akasema polepole, kama mtu anayepapasa ukuta gizani, "Siku ya kwanza ya juma ni Jumapili. Kila mtu anajua. Baba anasoma hivyo kanisani tangu sijaota meno."

"Baba yako anasoma. Haya, Jumatatu ni siku ya ngapi?"

"Ya pili."

"Jumatatu ni ya pili? Jisikilize, mtani. Juma tatu, ni ya pili?"

Mama yake aliacha kumenya. "Ngoja," akasema, akahesabu kwa vidole vyenye udongo, mosi, pili, tatu, akafika mahali akarudi. "Binti anasema kweli." Akahesabu tena. "Na baba yako anasema kweli. Aa! Mmenichanganya, mimi nilikuwa nimekaa zangu."

Nilikuwa na ile karatasi. Tukapiga namba iliyoko chini, tukaweka sauti ya nje, mtani akiishika simu kwa ncha za vidole ili asiipake oili. Mtoa semina akapokea. Tukamuuliza kwa adabu, samahani mwalimu, kwenye ratiba yako, Siku ya Kwanza ni ipi?

"Jumatatu, jamani," akasema. "Wiki inaanza Jumatatu. Kuna swali lingine?"

Hatukuwa na lingine. Tukamshukuru.

Halafu mama wa mtani akaanza kucheka, taratibu, mabega kwanza. "Kwa hiyo," akasema, "wiki zote hizi, mnapigiana simu, mnatukanana, kumbe kila mtu na wiki yake? Na mwenye ratiba naye na ya kwake?" Akacheka mpaka ming'oko ikamwagika. Mtani akacheka. Mimi nikacheka pia, na katikati ya kicheko nikaona nalia, nikawaeleza habari ya korosho, ya mama kulowa, ya Jumanne na shangazi. Nilidhani mtani atatania. Hakutania. Alikwenda akanawa mikono kwa sabuni ya unga, muda mrefu, akarudi na maandishi yake ya mikataba.

"Kuna mahali humu," akasema. "Nimepasoma mara nyingi hapajawahi kuniingia." Akasoma ile sentensi ya Kiingereza kidogo kidogo, kila neno analigeuza kama anayekagua nazi sokoni, akaiweka kwa Kiswahili: ili kuwe na mkataba, pande mbili lazima ziwe zimekubaliana juu ya kitu kilekile, kwa maana ileile. Akaniangalia. "Sasa mtani. Sisi tulipatana siku ya kwanza. Wewe ulisema ndiyo, nami nikasema ndiyo. Tulikubaliana au hatukukubaliana?"

"Hatukukubaliana. Kila mtu alikuwa na siku yake kichwani."

"Lakini maneno ni yaleyale! Mtu wa tatu akisikia atasema hawa wamepatana."

"Mtu wa tatu yupi? Wa Newala au wa Chiungutwa?"

Tukabishana pale uani mpaka chakula kikapoa. Kufika katikati tulikuwa tumebadilishana pande, mimi nasema tulikubaliana na yeye anakataa, na hakuna aliyekumbuka tumebadilishana wapi. Mama yake alihukumu mara mbili, kila mara kinyume na mwanzo. Nikarudi kwenye ile sentensi ya Kiingereza nikaisoma, na kwa mara ya kwanza ilibaki imesimama mbele yangu, haikwenda zake. Jibu la ubishi wetu sikulipata, wala mpaka leo sina uhakika nalo. Lakini nilijua swali linauliza nini, na kwangu hicho kilikuwa kitu kigeni kabisa. Jaribio lenyewe hatukulifanya. Hakukuwa na aliyelikumbuka.

Tukapanga upya. Namba tulizifuta zote, tukaandika majina ya siku. Hapo ndipo niliona ugumu wa kitu kubebeka, maana kila siku tuliyoitaja ilikuwa na mwenyewe. Jumamosi kwake ni siku ya abiria wengi, hawezi. Jumapili ni ya kanisa, na kwangu ni ya mama. Ijumaa mimi nina swala na usafi wa nyumba. Ikabaki Jumatatu na Jumatano tu za kusoma sambamba na kuulizana, na Jumamosi yangu peke yangu, na yeye atatafuta yake kokote atakapoipata.

"Ni chache," nikasema. "Hazitoshi kumaliza yote."

"Hazitoshi," akakubali. "Tuache nini?"

Tukatazama mada kwa huruma kama wazazi wanaochagua mtoto wa kubaki nyumbani. Tukaacha tulizoshindwa kabisa kuzitamka, tukashika mikataba na jinai na zile insha za maarifa ya jumla. Sijui kama tumechagua vizuri. Kila nikilala naona swali kutoka kwenye tulizoziacha.

Jumapili chini ya mikorosho nikamweleza mama yote: mosi yangu, juma la kanisani kwa kina mtani, Jumatatu ya mtoa semina. Alisikiliza huku anaokota. Nilipomaliza akauliza, "Na mimi nilisema siku gani?"

"Ulisema kwa majina, mama. Jumamosi, Jumatatu, Jumatano."

"Basi mimi na wewe tulielewana."

"Tulielewana."

"Kwa hiyo hao wengine waache na juma lao," akasema, akatupa bibo pembeni. "Jumanne siyo ya mtani, wala ya kanisa, wala ya huyo wa semina."

"Ni yako."

Jumatatu nilisoma, jioni mtani akapiga akiwa amesoma yaleyale niliyosoma, ukurasa uleule, nusura nidondoshe simu kwa kushangaa. Aliniuliza maswali, nikakosea karibu yote. Mama alipita mlangoni na ndoo ya maji kichwani, akaona kitabu, akapita.

Kesho yake mchana tulikuwa shambani wawili. Simu ya mama ikalia mfukoni mwa gauni lake; shangazi, aliyekwisha kudokezwa, hakungoja kupigiwa. Aliifuta kwa khanga kabla ya kupokea, akageuka kidogo upande. Nilisikia sauti ya shangazi inavyopanda na kushuka, sikusikia maneno. Nikaendelea kuinama, naokota, hata zile mbovu naziokota.

"Nzuri, wifi," mama akasema. "Ndiyo. Nilisema hivyo, ndiyo." Akasikiliza. Akanitazama mgongoni, nilijua bila kugeuka. "Hapana, wifi yangu. Tafuta mwingine tu mwaka huu. Huyu siku zake zimejaa."

Nilitamani kutupa ndoo nikimbie nyumbani, nikafungue mahali popote kwenye kitabu, nisome kwa sauti mpaka mahakamani wasikie. Lakini ilikuwa Jumanne. Nikasogea mkorosho unaofuata.